Uhura na Kumbukumbu Iliyofutwa: Mwendelezo wa Msuko katika Tamthilia ya Star Trek

Tarehe 29 Septemba 1967, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kipindi cha Star Trek kiitwacho "The Changeling". Katika kipindi hicho mtambo uitwao Nomad unafuta maarifa ya Luteni Uhura, ofisa mawasiliano wa meli ya anga Enterprise. Uhura anafundishwa kusoma upya kwa sentensi za kitoto kuhusu mbwa na mpira; anapokwama, anazungumza Kiswahili. Daktari wa meli anaahidi kwamba atarejea kazini ndani ya wiki moja. Tarehe 6 Oktoba kikarushwa "Mirror, Mirror", na Uhura yumo, timamu, akibeba jukumu zito. Tukio la kufutwa kwa kumbukumbu yake halikurejelewa tena hadi mfululizo huo ulipokoma mwaka 1969, ukiwa na vipindi 79.

Kasoro za mwendelezo zinazotajwa mara kwa mara katika tamthilia hii ni za aina nyepesi zaidi. Jiwe la kaburi katika "Where No Man Has Gone Before" limeandikwa James R. Kirk, ilhali nahodha huyo anajulikana kwa herufi T. Sababu yake ni ya kiuzalishaji: kipindi hicho kilikuwa cha majaribio, kikapigwa kabla jina halijatulia. Mtafiti aliyezoea nakala zinazopishana za Tarihi ya Pate hatashangaa; mkanganyiko wa aina hii humwonesha namna matini ilivyotengenezwa.

Suala la Uhura ni zito zaidi. Ni kweli kwamba vipindi vya wakati ule vilitungwa vijitegemee, ili viweze kurudiwa kwa mpangilio wowote. Hata hivyo, sharti hilo halielezi kwa nini Kiswahili kilinusurika. Ikiwa Nomad ilifuta kila alichojifunza, lugha hiyo nayo ingepaswa kufutika. Mtunzi alikichukulia Kiswahili kuwa kitu cha asili ndani ya mwili wa Mwafrika, si elimu inayopatikana kwa kujifunza.

Dhana hiyo haiwezi kupita mjini Babati bila kuulizwa. Eneo hilo la Manyara ni makutano ya Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, pamoja na Warangi na Wambugwe, ambao ni Wabantu. Kwa wazee wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya sokoni, shuleni na barazani, iliyokuja juu ya lugha ya mama. Mtazamaji wa Babati angeuliza swali ambalo watunzi wa 1967 hawakulifikiria: lugha ya kwanza ya Uhura ilikuwa ipi?

Jibu, kama ni jibu, lilichelewa kwa miaka 55. Mfululizo wa Strange New Worlds, mwaka 2022, ulimpa Uhura utoto wa Kenya, familia iliyokufa ajalini, na lugha 37. Kiswahili kikawa kimoja kati ya nyingi, jambo linalokaribia zaidi uhalisi wa Afrika Mashariki. Lakini kiraka hicho kilipasua mahali pengine. Katika filamu ya Star Trek VI (1991), ambayo matukio yake huja miaka mingi baadaye, Uhura huyohuyo anapekua vitabu ili amjibu Mklingoni kwa sentensi za kubabaisha. Mwanaisimu kijana amezeeka akiwa mjinga wa lugha ya adui mkuu wa dola lake.

Kuna pia suala la jina. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba alifika kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark, Uhuru. Irabu ya mwisho ikabadilishwa, na neno linaloeleweka likageuka kuwa neno lisilo na maana. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2009.

Runinga ilianza Tanzania Bara katika miaka ya 1990, hivyo mpangilio wa NBC haukuwahi kuwa mpangilio wa Babati. Aliyeanza na filamu ya 2009 alimfahamu Nyota kwanza, msomi wa lugha. Uhura wa 1967 ndiye aliyemfuatia, bila jina la kwanza, akisomeshwa habari za mbwa na mpira.