Ganda la Samawati kama Ushahidi wa Kihistoria: Kuku wa Araucana wa Chile

Mwaka 1914 Salvador Castelló, mtaalamu wa ufugaji wa kuku kutoka Hispania, alionyeshwa nchini Chile kuku wasio na mkia, wenye vishungi vya manyoya kando ya masikio, ambao walitaga mayai ya rangi ya samawati. Mwaka 1921, katika Kongamano la Kwanza la Dunia la Ufugaji wa Kuku mjini The Hague, aliwatangaza kuwa spishi ya pekee na kuwapa jina la Gallus inauris. Kwa tangazo hilo ganda la yai liligeuka hati ya kihistoria: iwapo ndege hao walikuwa wa asili ya Amerika Kusini, basi Wamapuche walifuga kuku kabla Wahispania hawajafika.

Hati hiyo ilikuwa na kasoro. Kuku aliowaona Castelló walikuwa zao la mfugaji wa Chile aitwaye Bustos, aliyechanganya aina mbili zilizofugwa na Wamapuche: Collonca, asiye na mkia na atagaye mayai ya samawati, na Quetro, mwenye vishungi. Castelló mwenyewe alirekebisha maelezo yake katika kongamano la pili, Barcelona, mwaka 1924. Jina la Kilatini likaachwa, lakini dai la spishi liliendelea kurudiwa katika maandishi ya wafugaji. Hata bila ushahidi wa Bustos, vishungi vyenyewe vilitosha kuzua shaka. Jeni inayovileta huua kifaranga ndani ya yai akiirithi kwa jogoo na kwa tetea pia. Hivyo kila kuku mwenye vishungi hubeba nakala moja tu, na wawili wenye vishungi wakizalishwa pamoja, baadhi ya vifaranga hukosa alama hiyo. Ni vigumu kuona jinsi spishi ya asili ingetambulishwa kwa sifa isiyoweza kuthabiti katika uzao wake.

Rangi ya ganda ilikuwa na mwenendo tofauti. Mwaka 1933 R. C. Punnett wa Cambridge alionyesha kwamba usamawati hutokana na jeni moja tawala. Matokeo hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko wafugaji walivyoitambua: sifa inayobebwa na jeni moja tawala huhamishwa kwa urahisi kutoka koo moja la kuku hadi jingine, kama ilivyofanyika Cambridge kwenyewe katika kuzalisha kuku wa Cream Legbar. Aidha, biliverdini, yaani rangi ya samawati, hupenya ganda lote, ilhali rangi ya kahawia hukaa zaidi kwenye tabaka za nje. Ndiyo maana damu hizo mbili zikikutana mayai huwa ya kijani.

Mwaka 2013 tafiti za jenetiki zilibaini chanzo cha usamawati: kipande cha retrovirusi kilichojipachika karibu na jeni ya SLCO1B3. Jambo la msingi kwa mwanahistoria ni kwamba kwa kuku wa Dongxiang wa China kipande hicho kimejipachika mahali tofauti na pale kilipo kwa kuku wa Chile. Usamawati ulizuka mara mbili, kila mara peke yake. Kwa hiyo hoja kwamba mayai ya samawati yanawaunganisha kuku wa Wamapuche na wa Asia, kwa njia ya Bahari ya Pasifiki, haiwezi kusimama juu ya rangi pekee.

Dai la kuku wa kabla ya Columbus halikufa kwa sababu hiyo. Mwaka 2007 mifupa ya kuku kutoka El Arenal, pwani ya Chile, ilipimwa kwa kaboni na kupewa tarehe za karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 15. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipinga tafsiri ya tarehe hizo na ya vinasaba vilivyoambatana nazo. Mabishano hayo sasa yanaendeshwa kwa mifupa na vinasaba. Ganda la samawati, kwa upande wake, linashuhudia jambo dogo zaidi lakini la karibu zaidi: kwamba badiliko lililozuka kwa nasibu lilihifadhiwa, kizazi baada ya kizazi, katika mabanda ya Wamapuche, muda mrefu kabla Bustos hajaanza kazi yake.