Mitambo ya Kunasa Mabomu, Ardhi ya Kebirigo

Ukitafuta volkano za Kenya zinazochungwa, utazikuta Bonde la Ufa: Suswa, Longonot, Menengai, Paka. Kebirigo, juu kwenye majani chai ya Nyamira, imekalia miamba mikongwe ambayo moto wake ulizimika kabla bonde lenyewe halijafunguka. Ndiyo maana husemwa kwamba huku hakuna cha kupima. Naona neno hilo limetangulia ushahidi, kwa sababu mitambo yetu mikuu haikuletwa nchini kwa ajili ya kujua kama kipo cha kupima huku.

Tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilipasua ardhi kwa takriban kilomita 38 chini ya miinuko ya Laikipia. Lakini si tetemeko hilo lililotuletea vipimo: Nairobi ilipopata mtambo wa kisasa katika miaka ya 1960, uliingia katika mtandao wa dunia ulioanzishwa na Marekani hasa kwa lengo la kunasa majaribio ya nyuklia yaliyofanywa chini ya ardhi. Kituo cha Kilima Mbogo, karibu na Thika, nacho kinatumikia mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio hayo. Faida tumeipata, maana mtambo hunasa mtikisiko wa bomu na wa ufa vilevile. Ila aliyepanga utegwe wapi hakuwa akimfikiria mchuma chai.

Kuna watakaosema setilaiti zinatosha. Kweli zimetufunza mengi: zilionyesha Longonot ikiinuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka kama sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, ilhali watu waliziona zimelala. Hilo lenyewe linatia shaka utulivu unaopimwa kwa macho. Isitoshe, setilaiti hupita kwa vipindi, na mimea inayobadilika kila mara huvuruga picha zake. Nyanda kame za Paka zinasomeka vizuri kuliko mashamba ya Nyamira. Mtikisiko wa sekunde chache hunaswa na kifaa kilichopo ardhini, na kujua ulikotoka huhitaji vituo kadhaa vilivyouzingira.

Pingamizi la gharama ya kuweka vituo huku lina uzito zaidi, hasa kwa kuwa hakuna mtambo unaotabiri siku ya tetemeko. Kinachonunuliwa hapa, hata hivyo, ni rekodi ya kumwongoza mjenzi. Naye anaihitaji: kaskazini mwa Nyamira upo Ufa wa Nyanza, wenye chemchemi za maji moto Homa Hills. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba za matofali Bukoba, Tanzania, likaua watu zaidi ya 15, na likasikika hadi magharibi mwa Kenya. Kanuni za Kenya za kujenga kwa kuzingatia matetemeko zilitolewa 1973, enzi ambayo vituo vya kupima vilikuwa vya kuhesabika. Kuta za matofali zinazopanda leo kwenye miteremko ya Nyamira zinastahili takwimu mpya kuliko za enzi hiyo, na zilizochukuliwa karibu zaidi.