Digrii inalipa? Hesabu ya zamani kutoka Ifakara

Umemaliza kidato cha sita, matokeo ni mazuri, na mzee nyumbani Ifakara anataka kuuza magunia ya mpunga sasa hivi, bei ikiwa bado chini, ili upate nauli na ada ya kuanzia chuo. Kabla magunia hayajatoka ndani, tulia kidogo tufanye hesabu. Hiyo digrii itarudisha gharama yake? Bonde la Kilombero limeshakutana na swali hili zamani.

Tuanzie 1957. Mwaka huo Rudolf Geigy, mtaalamu wa zuolojia kutoka Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo Ifakara, kwenye mji ambao tayari ulikuwa na hospitali ya misheni, ili kuchunguza magonjwa ya kitropiki. Mwaka 1961, Tanganyika ikipata uhuru, kikafunguliwa pia kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini, kwa msaada wa makampuni ya dawa ya Basel. Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 tu. Sasa fikiria mtoto mwenye malaria kule Mlimba. Angesubiri daktari asome miaka mingapi?

Ndiyo maana Ifakara ilifundisha wasaidizi wa tiba. Hawakuwa na digrii, ila kazi ilikuwapo kabla hata hawajamaliza kusoma, kwa sababu nchi ilikuwa inawahitaji zahanati na vituo vya afya. Kwao swali la "itanilipa?" halikuwa zito kama lilivyo kwako.

Na wale wa chuo kikuu? Mwaka huohuo wa 1961 chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Gharama zao zilibebwa zaidi na serikali, yaani na wakulima wa pamba, mkonge na mpunga. Deni lilikuwapo, ila halikudaiwa kwa fedha. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa huku wakilipwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwafukuza 393 wakarudi makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwake msomi alikuwa mtu aliyelishwa na kijiji, na kijiji kilistahili kulipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakageuka. Ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na bili ikaanza kuhamia kwa familia. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Baadaye, kwa sheria ya 2016, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara. Kama unalipwa 700,000, basi 105,000 zinaondoka kila mwezi. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini angalia kilichotokea: gharama imehamia kwako, ila ule uhakika wa kazi inayokusubiri haukuhama nayo.

Je, basi digrii haina maana? Hapana, na Ifakara ndiyo inayonizuia kusema hivyo. Maabara ile iliongozwa na Waswisi kwa miongo kadhaa. Ilikabidhiwa kwa Watanzania, kina Andrew Kitua na baadaye Hassan Mshinda, walipopatikana watafiti wetu waliosoma hadi ngazi za juu. Nao mradi wa vyandarua vyenye dawa, ulioanza 1996 na 1997 Kilombero na Ulanga, ulihitaji watu wa kubuni utafiti na kupiga hesabu. Matokeo yalihusisha vyandarua na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo. Ila chandarua hakikufika kitandani kwa sababu ya digrii. Kilifikishwa na wenye maduka vijijini, wahudumu wa kliniki na wahoji waliopita nyumba kwa nyumba. Ukiondoa upande mmoja, kazi inakwama.

Leo Ifakara hiyohiyo ina chuo cha matabibu na, tangu 2010, chuo kikuu cha tiba. Njia zote mbili zipo mjini kwenu. Kwa hiyo usiulize tu "digrii ni shilingi ngapi?" Uliza kazi gani inaihitaji, nani anaajiri watu wa kazi hiyo leo, na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi. Watafute, uwaulize wenyewe. Zamani serikali ndiyo iliyotakiwa kujua majibu hayo. Sasa ni wewe na mzee, na ni vizuri muyapate kabla mnunuzi wa mpunga hajafika mlangoni.