Matini na Mwenyewe: Historia ya Kituo cha Kamĩrĩĩthũ, 1976–1982

Historia ya Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamĩrĩĩthũ, Limuru, aghalabu husimuliwa kama sura ya maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o: aliandika, akatiwa kizuizini, akaishia uhamishoni. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yameanzia katikati. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kikundi kiliitangulia tamthilia, na kwamba mhakiki anayeishughulikia matini iliyochapwa pekee huiacha nje sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Kamĩrĩĩthũ ni miongoni mwa vijiji vilivyoundwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, ili kuwatenga wakulima na wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru, wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wadogo na watu wasio na kazi. Kwa ushuhuda wa Ngũgĩ mwenyewe, mwaka 1976 mwanamke wa kijijini alimwendea tena na tena, akimtaka yeye na wasomi wenzake waigawie jamii elimu yao. Kazi ya kwanza ya kituo, basi, haikuwa sanaa bali elimu ya ngumbaru, ambayo Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikuwa nguzo yake. Mchezo wa kuigiza ulikuja baadaye, kama mwendelezo wa elimu hiyo.

Ngũgĩ hao wawili waliandaa muhtasari wa *Ngaahika Ndeenda* mnamo 1977. Wanakijiji waliujadili na kuurekebisha: wazee walisahihisha lugha waliyopewa wahusika wa rika lao, na maneno ya sehemu ya *gĩtiiro* yalitolewa, mstari kwa mstari, na mwanamke mzee asiyejua kusoma. Mazoezi, chini ya uelekezaji wa Kĩmani Gecaũ, yalifanyika hadharani, hata hadhira ikawa mhakiki kabla ya onyesho la kwanza. Aidha, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000.

Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977; tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba, akazuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Hata hivyo, kikundi hakikufa. Mwishoni mwa 1981 kilianza mazoezi ya *Maitũ Njugĩra*. Februari 1982 kilifungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, Nairobi, kikahamia Chuo Kikuu, ambako umati ulifurika kutazama mazoezi hadi yakakomeshwa. Machi 1982 kituo kilipigwa marufuku, na tarehe 12 polisi wenye silaha wakaubomoa ukumbi wa kijiji.

Hatuna budi kutua hapa. *Ngaahika Ndeenda* ilichapishwa na Heinemann mwaka 1980, ilhali onyesho lake lingali halina kibali. Kitabu kiliachwa kiuzwe. Mkusanyiko ndio uliozuiwa, na jukwaa ndilo lililobomolewa. Yaelekea watawala walitambua, kuliko wahakiki wengi, mahali hasa nguvu ya kazi hii ilipokaa.

Si nia yetu kuupuuza mchango wa wasomi. Pasipo muhtasari pasingekuwa na cha kusahihisha. Lakini jalada la kitabu lina majina mawili tu, na msomaji wa tafsiri ya Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda* (1982), hukutana na tamthilia ya waandishi wawili. Je, yule mwanamke wa *gĩtiiro* tumwite nani? Mtoa habari? Mshauri? Istilahi zetu za uhakiki zinamkwepa, kwa kuwa zimezoea mtunzi mwenye kalamu.

Suala hili haliwahusu watu wa Limuru peke yao. Popote kikundi cha kijiji kinapotunga kwa pamoja, Asumbi ama kwingineko, mtafiti anayerejea na hati bila majina ya waliobishana juu yake amerejea na ganda. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2025. Maandishi yao yamehifadhiwa maktabani. Kumbukumbu za wale waliowasahihisha zimo vifuani mwa wazee, na muda wa kuzikusanya unayoyoma.