Mzio wa ngozi: panya hakuwa shahidi wa kuaminika

Novemba 2023, mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg iliamua kwamba sheria ya kemikali inaweza kudai majaribio kwa wanyama hata kama kemikali inatumika kwenye vipodozi tu, ingawa soko la vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama lilifungwa kabisa Machi 2013. Kesi ilihusu viambato vya losheni za kukinga jua, si mzio. Hata hivyo, hukumu ya namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba mnyama ndiye shahidi wa mwisho, na njia nyingine zote ni za kubahatisha. Kwa mzio wa ngozi, historia inakataa.

Mnyama mwenyewe alichelewa kuingia. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn alitambua mzio kwa kubandika zebaki kwenye ngozi ya binadamu, na madaktari wa ngozi hufuata njia hiyo hadi leo. Simbilisi walipata umaarufu kuanzia 1935, Karl Landsteiner na John Jacobs walipoonyesha kuwa kemikali sahili huweza kuwatia mzio. Mwaka 2002 shirika la OECD, linalotoa miongozo ya upimaji, likaidhinisha panya: kemikali hupakwa masikioni, kisha hupimwa jinsi seli zinavyoongezeka katika tezi za limfu zilizo jirani.

Nikeli, ile ya hereni za bei rahisi, ni kisababishi kikubwa cha mzio wa ngozi duniani, lakini kipimo cha panya kiliipitisha kana kwamba haina neno. Mwaka 2010 watafiti walieleza sababu: kipokezi kimoja cha kinga, TLR4, kwa binadamu kina sehemu za kunasa nikeli ambazo panya hana. Kinyume chake, sodiamu laurili salfeti, kitoa povu cha shampuu, huwasha tu bila kuleta mzio, na panya akaisingizia. Mbinu mpya zisizotumia wanyama zilipokuja, zilisahihishwa kwa majibu ya panya huyohuyo, kama mwanafunzi anayepewa alama kwa kitabu chenye makosa. Mwongozo 497 wa OECD, wa Juni 2021, uliyaweka majibu ya panya kando kwa kando na matokeo ya watu. Njia yake mojawapo ina vipimo vitatu. Katika cha kwanza, kemikali huachwa saa 24, kwenye nyuzi 25, pamoja na peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Kisha mashine huhesabu peptidi zilizobaki. Zikipungua, kemikali imezing'ang'ania, na mzio huanzia hapo. Cha pili hutumia seli za ngozi ya binadamu, cha tatu seli za damu yake. Viwili vikikubaliana, jibu limepatikana. Kwa kulinganisha na matokeo ya watu, njia hiyo ilimpita panya.

Wapinzani wa vipimo hivyo vya chupa husema chupa haina vimeng'enya vya mwili, hivyo itakosa kemikali inayogeuka hatari ikishaingia ndani. Hoja ina uzito, ila mfano wao wa kawaida, PPD, unawageuka. Rangi hiyo ya nywele, inayochanganywa kwenye piko za maharusi wa pwani yetu na kuwaacha wengine na malengelenge, hubadilika hata kwa hewa tu, na vipimo vya chupa huinasa. Udhaifu wa kweli uko kwingine: kipimo cha peptidi kinataka uzito wa molekuli ujulikane, na dondoo la mmea lenye vitu chungu nzima halina uzito mmoja. Kwa sabuni na mafuta ya mitishamba, wapinzani bado hawajajibiwa sawasawa.