Moshi wa Ng'ambo: Watu wa Ibra, Sur na Nizwa katika Zama za Mvuke

Nizwa ina ngome yake ya karne ya 17, Ibra ina majumba ya Al-Minzafah, Sur ina mafundi wa majahazi. Kitu ambacho miji hiyo mitatu ya Oman haikupata kuwa nacho ni stesheni ya garimoshi. Mwaka 1804 Richard Trevithick alikiendesha huko Wales kichwa cha kwanza cha mvuke kukokota mzigo juu ya reli. Baadaye mvuke ukazagaa duniani, ukatawala karne nzima, ukang'atuka, na hakuna kichwa hata kimoja kilichopiga honi katika mikoa yao ya Sharqiyah na Dakhiliyah. Hadi mwaka 1970 Oman yote ilikuwa na barabara ya lami isiyozidi sana kilomita 10.

Hata hivyo, historia ya mvuke katika Afrika Mashariki haisimuliki bila watu wa miji hiyo. Wengine walikuwa upande wa walioleta mashine, wengine upande wa waliofukuzwa nazo baharini, na wengine walipokonywa riziki na reli kisha wakakata tiketi na kuipanda.

Kisa kinaanzia kwenye fitina ya kifalme. Mwaka 1859 Sayyid Barghash bin Said alijaribu kumwondoa kaka yake, Sayyid Majid, kwenye kiti cha Unguja. Tegemeo lake kubwa lilikuwa Al-Harthi, kabila lenye shina lake Ibra na vijiji vya jirani, na ambalo matawi yake, Al-Barwani wakiwemo, yalikuwa yamekwisha kustawi Unguja. Waingereza wakaingilia kati, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Mji huo ulikuwa na reli tangu mwaka 1853, ile ya kwenda Thane, ya kwanza kubeba abiria katika Bara Hindi. Barghash alirudi nyumbani, akatawala kuanzia 1870, na mwaka 1875 akazuru Uingereza, nchi iliyokuwa na reli nyingi kila upande.

Miaka minne baada ya ziara hiyo, Unguja ikapata reli yake. Ilitoka kwenye kasri la mjini hadi kasri la Chukwani, upande wa kusini, mwendo wa maili saba hivi. Mwanzoni mabehewa mawili ya Sultani yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 kikaagizwa kichwa kidogo cha magurudumu manne kutoka kiwanda cha Bagnall cha Stafford, Uingereza. Reli hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Wajerumani walianza kutandika mataruma Tanga mwaka 1893, na Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896. Haikuwa ya biashara. Haikubeba karafuu wala nazi, ila ilimpeleka mfalme mapumzikoni na kumrudisha. Barghash alipofariki Machi 1888, mara tu baada ya safari ya matibabu Oman, nayo ikafa. Chuma chake kiliuzwa kikiwa chakavu.

Mvuke wa Barghash ulivuma zaidi baharini. Tufani ya Aprili 1872 ilizamisha takriban merikebu zake zote, naye badala ya kuunda upya mashua za tanga akanunua meli za mvuke zilizokwenda na kurudi kati ya Unguja na Bombay. Mashuhuri kati ya meli zake ni Glasgow, iliyoundwa Scotland na kukamilika 1878, ikiwa na milingoti na tanga pamoja na injini ya mvuke. Meli hiyo iliingia katika rekodi ya dunia kwa mlango mchungu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kuliacha kasri, manowari za Waingereza zilifyatua mizinga. Glasgow ilijibu, ikazamishwa palepale bandarini. Vita hivyo, ambavyo muda wake hutajwa kuwa dakika 38, huandikwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, na milingoti ya meli ya Sultani ilibaki ikichomoza majini mbele ya mji kwa miaka mingi.

Kwa manahodha wa Sur, mvuke ulikuwa na sura nyingine. Maisha yao yalipimwa kwa pepo mbili: kaskazi iliwaleta Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa na shehena ya tende, chumvi na samaki wakavu, kusi iliwarudisha na boriti za mikoko, karafuu na pembe. Baadhi ya majahazi yalibeba pia watumwa, hata baada ya Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko yao. Jahazi hungoja upepo, mashua ya mvuke haingoji, na hapo ndipo doria ya Waingereza ilipopata meno. Kinga mojawapo ilikuwa bendera. Jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa halikupekuliwa kirahisi, na watu wengi wa Sur wakaitafuta. Desemba 1881 nahodha Charles Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea kwa mashua ya mvuke jahazi lenye bendera hiyo. Ugomvi ulikwenda mbali hadi mji wa The Hague, ambako mwaka 1905 Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliamua ni majahazi yapi ya raia wa Muscat yaliyokuwa na haki ya kubeba bendera ya Ufaransa.

Bara nako reli ilikuwa inabadili hesabu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, palipo Tabora ya leo. Aliyewapokea ni Snay bin Amir Al-Harthi, tajiri wa misafara. Biashara ya watu kama yeye ilitembea kwa miguu ya wapagazi: kila pembe ya ndovu ilikuwa na bega lake, na kila bega lilihitaji posho, ulinzi na maji. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Misafara ikakosa kazi. Lakini familia za Kiomani hazikuondoka. Walifungua maduka karibu na stesheni, wakauza nguo na sukari zilizoletwa na mabehewa yaleyale yaliyoua biashara ya babu zao.

Unguja yenyewe ilipata reli ya pili mwaka 1905, safari hii ya umma. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, iliitandika kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kama kilomita 11, ikipita kwenye vichochoro vya mji karibu kabisa na milango ya watu. Serikali iliichukua 1911. Magari ya barabarani yalipozidi, abiria wakahama, na kufikia 1922 huduma yao ikasimama. Treni zikabaki kuchukua mawe ya ujenzi wa bandari kwa miaka michache zaidi.

Wakati huo huko Ulaya mvuke ulikuwa unakimbilia kilele chake. Tarehe 3 Julai 1938 kichwa cha Kiingereza kiitwacho Mallard kilifikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203, na hakuna garimoshi la mvuke lililoitengua rekodi hiyo rasmi. Miezi michache baadaye, baharia Alan Villiers wa Australia aliondoka Aden ndani ya jahazi la Kikuwait kufuata kaskazi hadi Unguja na Rufiji. Alikuta bandari zimejaa majahazi, ya Sur yakiwemo. Karne moja baada ya meli za mvuke kuingia Bahari ya Hindi, tanga lilikuwa bado linalipa, kwa sababu upepo haununuliwi na jahazi huingia kwenye mto ambao meli kubwa haithubutu.

Rekodi ya Afrika Mashariki haikuwa ya mbio bali ya nguvu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 530 za kupanda, kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,600, juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza kwa Beyer, Peacock wa Manchester vichwa 34 vya Garratt, daraja la 59, vilivyoingia kazini kuanzia 1955. Kila kimoja kilikuwa na tani 252 na urefu unaokaribia mita 32. Siri ya Garratt ni kwamba boila linaning'inia katikati ya seti mbili za injini, moja mbele na moja nyuma. Kwa hiyo uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi, mashine inakunja kona kali, na boila linaweza kuwa nene: kipenyo chake kilizidi mara mbili upana wa reli yenyewe. Kichwa kimoja kiliweza kupandisha treni ya tani 1,200. Hakuna mvuke wenye nguvu zaidi uliowahi kukanyaga reli ya mita moja popote duniani, na vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki.

Pale vichwa hivyo vilipokuwa katika ujana wao, Dakhiliyah ilikuwa vitani. Katika vita vya Jebel Akhdar vya 1957 hadi 1959, kati ya wafuasi wa Imamu Ghalib wa Nizwa na jeshi la Sultan Said bin Taimur lililosaidiwa na Waingereza, mizigo ya kupanda mlimani ilibebwa na punda, wengine wakiwa wameletwa kutoka Somalia. Ng'ambo moja ya bahari mzigo ulipanda mlima kwa moshi na chuma. Ng'ambo ya pili ulipanda kwa kwato nne.

Lakini mwisho wa Garratt na mwisho wa jahazi la Sur haukupishana sana. Mwaka 1951, miaka minne tu kabla ya Garratt ya kwanza ya daraja la 59, mafundi wa Sur walishusha majini jahazi la aina ya ghanja liitwalo Fath al-Khair. Hawa wawili ni marika, na wote walipigwa na adui mmoja: dizeli. Meli za injini na malori yalichukua shehena ya tanga. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yamekwisha kukata kamba ya zamani kati ya Sur na Unguja. Kwenye reli, vichwa vya dizeli vilizidi kuingia miaka ya 1960, na mchoro wa Garratt kubwa zaidi, daraja la 61, ukaishia karatasini. Kufikia 1980 daraja la 59 lilikuwa limestaafu.

Waomani waliorudi kutoka Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1970 walirudi na Kiswahili chao, na pamoja nacho kumbukumbu za stesheni ambazo jamaa zao wa Ibra na Nizwa hawakuwahi kuziona. Garratt mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Fath al-Khair iliuzwa ikaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakainunua na kuirudisha mjini kwao, ambako imepandishwa nchi kavu. Oman yenyewe sasa inajenga reli yake ya kwanza kubwa, Hafeet Rail, kutoka bandari ya Sohar hadi Abu Dhabi. Njia yake inapita kaskazini, mbali na Ibra, Sur na Nizwa.