Ngano ikikukataa: unga wa dukani, unga wa nyumbani na historia yake

Tuseme umepimwa, ukaambiwa una ugonjwa wa seliaki. Daktari anakwambia ngano basi. Si kupunguza, wala si kula mara mojamoja kwenye harusi. Basi kabisa, maisha yako yote, pamoja na shayiri. Na tuseme unaishi Kinjumbi, huku Kilwa, katika nchi ya Wamatumbi. Wazo la kwanza litakalokujia ni lipi? Nadhani ni hili: naachana na vya dukani, nakula vya nyumbani. Ugali wa muhogo, mtama, mbaazi, wali wa nazi. Si ndivyo walivyoishi mabibi zetu?

Wazo si baya, ila ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili imewahi kulemaza watu, tena si mbali na hapa.

Tuanze na nusu iliyo sahihi. Ngano ni mgeni katika pwani hii. Kilwa Kisiwani ilipokuwa inashika biashara ya dhahabu ya Sofala, nafaka kuu ya watu wa kawaida ilikuwa mtama, na hauna gluteni hata chembe. Wareno wa Francisco de Almeida walipouvamia mji mwaka 1505, wao waliishi kwa biskuti ngumu za meli, za ngano. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, navyo havina gluteni. Mchele hauna. Kwa hiyo jiko la zamani la Kilwa, bila mtu kukusudia, lilikuwa jiko la mgonjwa wa seliaki.

Ngano ya kila siku, yaani andazi la asubuhi na chapati ya jioni, ni habari ya juzi tu. Nchini inalimwa hasa nyanda za juu. Mashamba makubwa ya Hanang yalianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, lakini sehemu kubwa ya ngano tunayokula bado inatoka nje kwa meli. Kuelekea kusini kulikuwa na kikwazo kingine: Rufiji. Mpaka mwaka 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika barabara ilikuwa mtihani. Leo mfuko wa unga wa ngano unafika dukani mwaka mzima, na biskuti za pakiti ziko hadi kwenye kibanda cha vocha.

Sasa kwa nini daktari hakubali hata kipande? Jibu lilipatikana Uholanzi, kwa daktari wa watoto aliyezaliwa mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Majimaji vilipoanzia Nandete, katika vilima hivihivi vya Umatumbi. Anaitwa Willem Karel Dicke.

Kabla yake ugonjwa ulijulikana, sababu haikujulikana. Samuel Gee wa London aliueleza vizuri mwaka 1888: mtoto anaharisha, tumbo linajaa, mikono na miguu inakonda. Gee alisema tiba, kama ipo, itakuwa ya chakula, lakini chakula kipi hakujua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York akaanza kuwalisha watoto ndizi kwa wingi. Wengi walipata nafuu, na yeye akaamini ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na kile ambacho hawakula! Huo ni mtego wa kawaida sana kwenye habari za lishe, hata leo. Ukibadilisha vyakula kumi kwa siku moja ukapona, hujui ni kipi kilichokuponya.

Dicke alianza kushuku mkate tangu miaka ya 1930. Halafu ikaja baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipokata chakula na Waholanzi wakafa njaa kwa maelfu. Watu walikula hadi vitunguu vya maua. Katika shida hiyo watoto wa Dicke wenye seliaki walipata nafuu badala ya kuzidiwa. Mkate ulipoanza kurudi, nao wakaanza kuumwa tena. Baada ya vita alifanya majaribio ya uangalifu, ngano inaingia, ngano inatoka, wenzake wakipima mafuta yanayopotea kwenye choo cha mtoto. Tasnifu yake aliitetea Utrecht mwaka 1950. Baadaye ikajulikana wazi kwamba tatizo ni gluteni, protini ile inayofanya donge la chapati livutike. Kinga ya mwili wa mgonjwa inaiona kama adui, na katika kupigana nayo inaharibu utando wa utumbo wenyewe, ule unaofyonza chakula.

Kiasi kinachoharibu ni kidogo mno. Utafiti wa madaktari wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuumiza utumbo. Hiyo ni kama nusu gramu ya unga wa ngano: vumbi linalobaki kwenye kibao cha kusukumia. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya Codex vinataka chakula kinachouzwa kama hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo.

Ukishalijua hilo, mstari kati ya dukani na nyumbani unaanza kufutika. Kitumbua ni cha mchele, sawa, lakini wauzaji wengine hutia ngano kidogo ili kishikane. Viazi vya kukaanga havina ngano, ila mafuta yale asubuhi yalikaanga maandazi. Hapo uliza bila haya: "Shikamoo mama, humu umechanganya ngano?" Na kubwa kuliko yote ni mashine ya kusaga. Mtu analeta mchanganyiko wa uji wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Unasagwa, unatoka. Anayefuata ni wewe na mtama wako kutoka shambani, safi kabisa, na kilo ya kwanza inatoka na ngano ya jirani. Ni unga wa nyumbani, lakini si salama kwako. Kwa upande mwingine, mchele wa punje ulionunua dukani, ukaupeta na kuuosha, huenda ukawa salama zaidi.

Nikuombe jambo moja kabla sijaendelea: kama hujapimwa, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kinga zinazotengenezwa wakati gluteni bado inaliwa. Ukiiacha miezi kadhaa kisha ukapima, majibu yanaweza kukudanganya.

Sasa ile nusu ya pili. Ukiondoa ngano, na kama mahindi yamekataa mwaka huo, unabaki na muhogo. Umatumbi wanajua njaa ni nini. Katika Majimaji Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na wengi wa waliokufa katika vita vile waliuawa na njaa, si risasi. Baadaye utawala wa Kiingereza ulihimiza muhogo, wakati mwingine kwa amri, uwe akiba ya njaa. Tena wakulima wengi hupenda muhogo mchungu, na wana sababu: nguruwe pori na nyani hawausumbui sana.

Uchungu huo ni dalili ya silaha ya mmea. Ndani ya seli za muhogo mna linamarini, na mahali pengine katika seli hiyohiyo mna kimeng'enya cha kuivunja. Seli ikipasuliwa, viwili hivyo vinakutana na hatimaye inatoka sianidi. Bahati yetu ni kwamba sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la Kilwa inaruka yenyewe hewani. Inachohitaji ni maji na muda. Kuloweka siku kadhaa kunafanya kazi nzuri. Kukausha makopa juani peke yake kunafanya kidogo zaidi, kwa sababu muhogo hukauka kabla vile viwili havijakutana vya kutosha. Kuusonga tu ugali hakutoshi, maana linamarini yenyewe inastahimili moto.

Njaa ndiyo huiba huo muda. Mwaka 1981, mkoani Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na kina mama, walipooza miguu ghafla. Walikuwa wakila muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, bila kitoweo cha maana. Ugonjwa huo daktari Giovanni Trolli alikuwa ameueleza Kongo mwaka 1938, kwa jina la wenyeji: konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Ukishapooza, hurudi ulivyokuwa. Kwetu ulionekana Tarime katika ukame wa mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana Mtwara na Mbinga. Huko Masasi, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipata sumu kali baada ya kufupisha maandalizi. Kusini kuna njia ya mkato iitwayo chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa na kuanikwa, na ugali unapikwa upesi. Nicolas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake ndio waliolichunguza jambo hilo.

Mimi sioni kosa la akina mama wale. Walijua kabisa njia ndefu. Ila mtoto mwenye njaa hangoji wiki.

Kwako wewe mwenye mwiko wa ngano, hatari inajificha kwenye ufinyu wa sahani. Mwili huisafisha sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini: samaki, dagaa, mayai, nyama, na kwa kiasi fulani kunde na mbaazi. Ukiondoa ngano, halafu mfuko ukakuondolea dagaa, ukabaki na ugali wa muhogo mchungu asubuhi na jioni, umeikaribia sahani ya Nampula. Codex imeuwekea unga wa muhogo nao kikomo: miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Huwezi kuipima jikoni, lakini unaweza kuipunguza.

Njia rahisi iliandaliwa na Howard Bradbury wa Australia na wenzake, ikafundishwa Mtwara, na huko Popokabaka, Kongo, ikazuia konzo kijijini. Tia unga mkavu wa muhogo kwenye beseni, weka alama pale unapofika. Mimina maji ukikoroga; unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene wa sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki kinaamka, gesi inaondoka. Songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Na makopa yako yakishakauka, wahi mashineni mapema, kabla ya watu wa uji wa lishe. Ukikuta foleni, muulize fundi aliyekutangulia amesaga nini. Kama ni ngano, mwachie mwenye mahindi apite kwanza.